Bei ya Hakimu

Pauni 20,000. Shika hiyo namba kwanza, tutairudia.

Mwaka 1952 pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hivyo hapa tunaongea shilingi 400,000. Sasa chukua kibarua wa shamba la pareto kule Molo wakati huo. Tumfanyie hisani, tuseme analipwa shilingi 20 kwa mwezi, pesa ambayo wengi wao waliisikia tu kwa jirani. Ili afikishe laki nne bila kula, bila kuvaa, bila kununua hata kiberiti, angefanya kazi miezi 20,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,600. Yaani ili amalize mwaka 1952 ingebidi aanze kung'oa magugu enzi za makaisari wa Roma.

Pesa hizo alilipwa mtu mmoja kwa kesi moja. Jina lake Ransley Thacker, jaji aliyekuwa amestaafu kutoka Mahakama Kuu ya koloni. Kesi ni ile ya Kapenguria, na washtakiwa unawajua hata kama historia ilikuwa somo lako la kulala: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Shuleni tulikariri majina sita na tarehe mbili, tukasonga. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia hakimu alilipwa nini, wala aliongea na nani kabla ya kuketi kwenye kiti. Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo siwezi kuapa kwamba mwaka wa nne hawafundishi. Lakini hiyo ndiyo sehemu ambayo ningetaka mtu anifundishe nikiwa na miaka 15.

Naandikia haya Keringet, Kuresoi Kusini, mahali ambapo watu wa Nairobi wanapajua kwa maji ya chupa na wakimbiaji. Kapenguria ni mbali na hapa, uko njiani kuelekea Turkana. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini mwaka 1952 watu wengi wa Bonde la Ufa hawakutarajia chochote kutoka kwa yule hakimu, usianzie Kapenguria. Anzia hii barabara ya Molo, pitia Keringet, panda mpaka Olenguruone.

Kwanza jambo moja la mfumo, kwa sababu bila hilo mengine hayashiki.

Kwenye koloni, Mwafrika wa kawaida hakuwa na habari ya jaji. Alikuwa na habari ya DC. Bwana DC ndiye aliyekusanya kodi, ndiye aliyeagiza askari wakukamate, na kwa kuwa maafisa wa utawala walipewa pia mamlaka ya hakimu, ndiye huyo huyo aliyeketi mezani asubuhi kuamua kama una hatia. Mtu mmoja, kofia tatu. Nchi nyingine hakimu akitaka kujua askari anafikiria nini lazima amwandikie barua. Hapa kwetu alihitaji tu kuwaza.

Pale ambapo jaji halisi alihusika, na wazee wa baraza wakatokana na masetla, matokeo yalijulikana. Mwaka 1923 kule Molo kijana mmoja aitwaye Kitosh alipigwa na mwajiri wake, setla Jasper Abraham, kisa na maana alimpanda farasi aliyeambiwa amwongoze tu kwa kamba. Alichapwa, akafungwa kamba, akawekwa stoo, usiku akafa. Kesi ikasikizwa Nakuru mbele ya baraza la wazungu. Daktari wa upande wa utetezi akaleta nadharia kwamba huyu marehemu alikufa kwa sababu alitaka kufa, kwamba Waafrika wana uwezo huo wa kuamua kuondoka. Baraza likaona si mauaji. Abraham akapewa miaka miwili kwa kosa la kujeruhi vibaya. Karen Blixen aliiandika hadithi hiyo, na alivutiwa mno na lile suala la nia ya kufa. Mimi navutiwa zaidi na ile miaka miwili.

Basi, hiyo ndiyo Nakuru ambayo watu wa Olenguruone waliikuta.

Olenguruone ilianzishwa na serikali mwaka 1941 kama makazi ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi ya Wamaasai, wengi wao watu ambao jamaa zao walikuwa wamepoteza mashamba Kiambu wazungu walipoyachukua. Huku juu ni baridi. Mahindi yanachukua karibu mwaka mzima kukomaa, ukungu unashuka saa tisa kama mtu aliyeitwa. Lakini ni udongo mzuri, na watu wale walipanda viazi, wakapanda pareto, wakajenga shule zao. Walielewa jambo moja: hii ardhi ni fidia ya ile iliyochukuliwa, kwa hivyo ni yetu, na watoto wetu watarithi. Serikali ilielewa jambo lingine kabisa: nyinyi ni wapangaji. Mtalima vile bwana shamba amesema, mtazungusha mimea kwa ratiba, hamtagawa shamba, na mrithi atakuwa mtoto mmoja tu.

(Najua ardhi huku haiongelewi ovyo. Kabla ya Wakikuyu kuletwa, msitu wa Mau ulikuwa na Waogiek, na Wamaasai walihesabu nyanda hizi kuwa zao. Wakikuyu walipoondolewa wakaja Wakipsigis. Mwaka 1992 na tena 2008 watu walikufa hapa kwa maswali ambayo yaliachwa wazi kwenye faili za miaka ya 1940. Siamui nani ana haki. Naeleza tu jinsi serikali ilivyoendesha mambo.)

Kitu kinachonigusa kuhusu watu wa Olenguruone ni jinsi walivyoamini karatasi. Walipoambiwa watie sahihi masharti mapya walikataa, na badala ya kushika panga walishika kalamu. Waliandika barua kwa maafisa, waliandika kwa gavana, malalamiko yao yakafika mpaka London. Walichanga pesa za mawakili. Walienda mahakamani. Huyu ni mkulima wa viazi, mwaka 1947, analipa wakili kwa sababu anaamini kwamba mahali fulani kuna mtu aliyevaa joho ambaye akisikia habari yote atasema hapana, hii si haki.

Walishindwa. Mifugo ikakamatwa, mimea ikaharibiwa, nyumba zikachomwa, na kufikia 1950 waliobaki walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Yatta, Ukambani, kwenye joto na mawe. Malori yalipita Nakuru na watu wakiimba. Nyimbo zile zilisikika na maskwota wengine wa Bonde la Ufa, na pamoja na nyimbo likasambaa jambo lingine. Huko nyuma, wakati wakipinga masharti, watu wa Olenguruone walikuwa wamekula kiapo cha umoja. Awali kiapo kilikuwa cha wanaume wachache wanaoaminika. Wao waliwaapisha kina mama na watoto pia, kijiji kizima. Wanahistoria wakifuatilia mizizi ya Mau Mau wanafika hapa, kwenye ukungu wetu, kwa watu ambao kwanza walijaribu mahakama.

Kwa hivyo tunapofika Oktoba 1952 usifikirie ni watu waliolala wakaamka na hasira.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, baada ya Baring kutangaza hali ya hatari, polisi na jeshi waliwazoa viongozi wa chama cha KAU na wengine wengi. Kenyatta akapakiwa kwenye ndege mpaka Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, mahali ambapo hata upepo umechoka. Sasa serikali ikawa na shida ya ajabu: ina mtu lakini haina kesi. Gavana alikuwa ameiambia London kwamba Kenyatta ndiye kichwa cha Mau Mau. London ikasema sawa, thibitisheni. Na ushahidi haukuwepo. Upande wa mashtaka ulikuwa na mikutano ya hadhara ambapo Kenyatta alikuwa ameilaani Mau Mau kwa sauti mbele ya maelfu ya watu, na tetesi kwamba hakuwa akimaanisha.

Wangeweza kumzuilia tu bila kesi. Sheria za hali ya hatari ziliruhusu, na maelfu walizuiliwa hivyo. Lakini walitaka hukumu. Hukumu inasomwa magazetini London na New York, hukumu inamfanya mtu mwizi badala ya mwanasiasa. Na ili kupata hukumu uliyokwisha iamua, unahitaji vitu vitatu: mahali, shahidi na hakimu.

Mahali walichagua Kapenguria. Hapakuwa na simu, hapakuwa na hoteli, hapakuwa na mahakama ya maana, na ilikuwa eneo lililofungwa, huingii bila kibali. Kesi ilifanyika kwenye darasa la shule. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kila asubuhi, na hoteli za Kitale zilikuwa za wazungu, kwa hivyo timu ya utetezi yenye Mwingereza, Wahindi na Mjamaika haikuweza hata kula meza moja. Ila kulikuwa na kikwazo cha kisheria: hakuna kosa lililofanywa Kapenguria na hakuna mshtakiwa aliyekuwa mkazi wa huko. Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikacheka peke yangu. Waliletwa Kapenguria, wakaachiliwa kwa jina tu, kisha wakakamatwa papo hapo. Sasa ni watu waliokamatwa Kapenguria. Kazi imeisha.

Shahidi mkuu akawa Rawson Macharia, jirani yake Kenyatta kule Gatundu. Huyu aliambia mahakama kwamba Machi 1950 alimwona Kenyatta akiapisha watu. Angalia tarehe hiyo. Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti 1950. Hata ukimwamini kila neno, anazungumzia kitu kilichotokea miezi mitano kabla hakijawa kosa. Hakimu alimwamini kila neno.

Wakati huo Baring alikuwa akiandikiana na Oliver Lyttelton, waziri wa makoloni London. Katika ujumbe mmoja alieleza kuhusu mashahidi kwamba kila juhudi imefanywa kuwapa zawadi na kuwalinda, ila hakuna ajuaye itakuwaje wakisimama mbele ya Kenyatta mwenyewe na ile haiba yake. Rudia hapo. Gavana anamwandikia waziri, bila haya, kwamba mashahidi wa serikali wamepewa zawadi. Wasiwasi wake pekee ni kama zawadi zitatosha.

Halafu hakimu. Kesi ilipelekwa mbele ya hakimu peke yake, bila baraza lolote la kumsaidia kuamua. Thacker alifaa. Alikuwa amekaa Mahakama Kuu miaka mingi, anaijua jamii ya masetla, ni mmoja wao. Alikuwa amestaafu, lazima ateuliwe upya, kwa hivyo anayemteua anachagua. Na alikuwa na hofu ya kweli ambayo aliiweka mezani kwa Baring: nikimhukumu huyu mtu sitaweza kuishi tena Kenya, itabidi nihame. Nani atanilipia maisha mapya? Baring akakubali. Hapo ndipo zilipotoka zile pauni 20,000, kutoka kwenye hazina ya serikali, nje ya mshahara, bila kutajwa mahakamani.

Fikiria hilo ombi kwa makini, kwa sababu lina jibu ndani yake. Hakimu ambaye bado hajaamua hana sababu ya kulipwa gharama za kukimbia. Kama angemwachilia Kenyatta, Wakikuyu wasingemfukuza, wangembeba mabegani. Masetla ndio wangemkasirikia. Lakini masetla hawakuwa wanaogopwa na Baring kiasi hicho. Pesa ilikuwa ya mtu anayejua atasema nini.

Kesi yenyewe ilichukua kama miezi mitano, na ina vituko ambavyo ningeviandikia kitabu. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, ndiyo, Leakey yule wa mafuvu, ambaye mke wake Mary alichimba Hyrax Hill hapo Nakuru. Alizaliwa Kabete na alizungumza Kikuyu kama maji, lakini alikuwa pia mshauri wa serikali kuhusu Mau Mau. Utetezi ukalalamika kwamba anatafsiri akiwa upande mmoja, mwishowe akajitoa. Kiongozi wa utetezi alikuwa D. N. Pritt, wakili wa Uingereza mwenye ulimi wa wembe, akiwa na Dudley Thompson wa Jamaica, Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies wa Nigeria, na vijana wa hapa hapa kama Fitz de Souza na Kapila. Kwa wakili wa Kenya mwenye asili ya Kihindi kusimama na Kenyatta mwaka 1952 ilikuwa ni kuchezea leseni, biashara na usalama wa familia.

Lakini kituko ninachokipenda kuliko vyote ni telegramu. Mnamo Desemba 1952 Pritt alituma ujumbe kwa wabunge London akisema kwamba mazingira ya Kapenguria yanawanyima wateja wake haki. Thacker alipojua aliwaka. Alisimamisha kesi, Pritt akashtakiwa kwa kudharau mahakama, wote wakafunga safari mpaka Nairobi mbele ya Mahakama Kuu. Pritt akaachiliwa. Weka kando kwamba alishinda. Angalia tu ni nini kilichohesabiwa kuwa dharau. Wakili kuwaandikia wabunge waziwazi kuhusu umbali wa Kitale ni dharau. Gavana kupatana na hakimu kuhusu malipo ya hukumu ni utawala.

Tarehe 8 Aprili 1953 Thacker alisoma uamuzi. Wote sita wana hatia, miaka saba na kazi ngumu, ambayo ndiyo ilikuwa adhabu ya juu kabisa kwa kosa hilo. Muda mfupi baadaye aliondoka nchini.

Halafu Julai ukaja mchezo ambao kama ungekuwa filamu ungesema mwandishi amezidisha. Rufaa ilipofika Mahakama Kuu, ikagunduliwa kwamba barua ya kumteua Thacker ilikuwa imemfanya hakimu wa Mkoa wa Kaskazini. Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Yaani baada ya kubeba watu kwa ndege, kuwaachilia na kuwakamata tena ili tu mahali pakubali, karani alikosea mkoa. Mahakama Kuu ikasema kesi yote ni batili, irudiwe. Unaweza kuwazia nyuso pale Ikulu ya gavana. Lakini Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaipindua, hukumu ikarudi, na ngazi ya mwisho kabisa kule London ikakataa kusikiliza. Oneko peke yake ndiye alifutiwa hatia, Januari 1954. Hakuenda nyumbani. Alizuiliwa tu, bila kosa, miaka mingine mingi. (Na kama hujui, mwaka 1969 alizuiliwa tena bila kesi, mara hii na serikali ya Rais Jomo Kenyatta, mwenzake wa kizimbani Kapenguria. Alikaa mpaka 1975. Sheria za gavana zilikuwa zimepakwa rangi tu.)

Mtu anaweza kusema, ala, si ilikuwa ukoloni, ulitarajia nini? Ninawasikia sana watu wa aina hiyo, hasa kwenye mitandao. Shida ya jibu hilo ni kwamba Waingereza wenyewe walijua vizuri sana kwa nini hakimu asilipwe hivi. Walikuwa wamepoteza koloni nzima kwa sababu ya suala hilo hilo.

Twende Massachusetts, Amerika, miaka 180 hivi kabla ya Kapenguria. Watu wa kule walikuwa raia wa mfalme wa Uingereza, majaji wao walilipwa na bunge la jimbo. Serikali ya London ikaamua kwamba sasa mshahara wa majaji utatoka kwa mfalme. Watu wakauliza swali rahisi: jaji anayelipwa na mfalme akisikia kesi kati yangu na mfalme, atamwona nani? Majaji wengine waliogopa kelele, wakakataa pesa. Jaji Mkuu Peter Oliver akazipokea. Mwaka 1774 wabunge wakamfungulia mashtaka ya kumwondoa, na raia walioitwa kuketi kwenye baraza la mahakama wakakataa kuapa mbele yake. Hawakumpiga, hawakumchomea. Walikataa tu kuketi, mahakama ikakwama. Mwaka mmoja kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wamesoma barua za gavana wao, Thomas Hutchinson, zilizovuja kutoka London, ambamo aliwaandikia wakubwa kwamba uhuru wa koloni hauna budi kupunguzwa. Na walipotangaza uhuru mwaka 1776, kwenye orodha ya malalamiko dhidi ya mfalme waliandika wazi kwamba amewafanya majaji wategemee utashi wake peke yake kwa kazi zao na mishahara yao.

Orodha hiyo kila mwanasheria wa Uingereza aliijua. Baring aliijua. Thacker aliijua. Na tusiwafanye Wamarekani malaika: wakati wanaandika hayo walikuwa na watumwa nyumbani, na hakuna jaji yeyote aliyekuwa huru kwa mtumwa. Lakini kanuni ilishajulikana. Mfuko unaomlisha hakimu ndio unaoandika hukumu yake, ukiuruhusu.

Ndiyo maana mimi hukasirika nikisikia mtu akisema Katiba ya 2010 ni maneno matamu tu. Fungua Kifungu cha 160. Kinasema mahakama haitaelekezwa na mtu wala mamlaka yoyote. Sawa, hayo ni maneno matamu. Lakini soma mbele kidogo: mishahara ya majaji inatoka Hazina Kuu moja kwa moja, na jaji hapunguziwi malipo yake. Hiyo sentensi ni kavu, inachosha, inaonekana imeandikwa na mhasibu. Ni sentensi ya Kapenguria. Mwaka 2017 majaji wa Mahakama ya Juu walipofuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, rais mwenyewe aliwaka hadharani na kuahidi kuwashughulikia. Lakini mwisho wa mwezi ule mishahara yao haikuwa mkononi mwake. Ukiona bajeti ya mahakama inakatwa kila mara mahakama inaposema hapana, usiipite hiyo habari kwenda kwa mpira.

Je, mapatano ya Baring na Thacker tumeyajuaje? Polepole, na si kwa hiari. Kidogo kilitoka kwenye karatasi za Baring mwenyewe baada ya kifo chake. Mengine yakatoka kwa ujumbe wake kwa wizara, faili zilipofunguliwa. Na mengi yalikuwa yamefichwa: kabla ya uhuru 1963, maofisa walichoma faili nyingi na nyingine wakazisafirisha kwenda Uingereza kimyakimya. Maboksi 300 hivi, faili kama 1,500. Serikali ya Uingereza ilikuja kukiri mwaka 2011 kwamba inazo, Hanslope Park, na ilikiri kwa sababu wazee wa Kenya walikuwa wameishtaki London kwa mateso ya kambi za Mau Mau. Ndani yake mlikuwa na barua ya mwaka 1957 ambamo mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, anamshauri Baring kuhusu kuwapiga wafungwa, na anamaliza kwa kusema kwamba kama ni lazima kutenda dhambi basi itendwe kimya. Mwanasheria mkuu! Kwa maandishi! Mwaka 2013 Uingereza ikalipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ukigawa, kila mmoja alipata chini ya pauni 4,000, na hapo mawakili hawajachukua chao. Thacker peke yake, kwa pesa za 1952, alikuwa amepata mara tano ya hiyo.

Barua moja ndiyo ilitoka mapema kuliko zote, na ilitolewa na mtu ambaye hungemtarajia.

Rawson Macharia alikuwa na barua ya serikali ya Novemba 1952, siku chache kabla ya ushahidi wake. Iliorodhesha mambo kama risiti ya duka: tiketi ya ndege kwenda Uingereza na kurudi, masomo ya serikali za mitaa kwa miaka miwili chuo kikuu, pesa za matumizi, posho ya familia akiwa mbali, kazi ya serikali akirudi, na endapo atauawa, mke wake atatunzwa na watoto watasomeshwa. Akatoa ushahidi, akaenda Exeter. Aliporudi hakuona raha. Majirani wa Gatundu walikuwa wanamjua, na ahadi nyingine hazikutimia alivyotaka. Sijui kama dhamira ilimsumbua au ni hasira ya mtu aliyepunjwa, na sidhani ni lazima tuchague moja.

Mwishoni mwa 1958 aliapa hati mbele ya wakili kwamba alisema uongo Kapenguria, yeye na mashahidi wengine, na kwamba walinunuliwa. Serikali ikamfungulia kesi. Haikumshtaki kwa uongo wa 1952. Ilimshtaki kwa hati ya 1958, kwamba kusema alidanganya ndio uongo. Pritt akarudi Kenya kumtetea, safari hii akisimama upande mmoja na mtu aliyewahi kumhoji mpaka jasho likamtoka. Barua ikasomwa mahakamani, kipengele kwa kipengele, serikali haikuikana. Hakimu akasema ilikuwa mipango ya kumlinda shahidi.

Macharia alifungwa miezi 21. Aprili 1959, akiwa gerezani, Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung na kuhamishiwa Lodwar. Thacker hakuitwa na mahakama yoyote kueleza zile pauni 20,000.